Muuguzi Afundishwe Kuuliza "Kwa Nini?"

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Elwak)

 

Kamati imenitaka niseme juu ya mafunzo ya uuguzi. Nitasema jambo moja tu, ya kwamba muuguzi anapofundishwa, afundishwe kupima mambo kwa akili yake, asifundishwe kutii peke yake. Vitabu vya shule vya siku hizi vinaliita jambo hili uwazaji kina, na wengine husema fikra tunduizi. Majina ni mazuri. Mimi nitalisema kwa maneno ya wadini: ni kujiuliza "kwa nini nafanya hivi?", "nimejuaje?", na "kama sivyo nilivyodhani, itakuwaje?"

Najua wako watakaonong'ona kwamba hayo ni mambo ya walimu wa vyuo, nayo yana nini na chama cha wafanyakazi? Chama ni mshahara, likizo na marupurupu ya mazingira magumu. Ndugu zangu, mshahara tumeupigania. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma tangu Juni mpaka Novemba, karibu miezi mitano, kwa ajili ya mapatano ya mishahara na marupurupu, na haki ilikuwa yetu. Lakini saa nane za usiku, mama analetwa juu ya gari la mbuzi akiwa amepoteza fahamu, na wewe uko peke yako na taa ya simu, mshahara haukwambii la kufanya. Kitakachokwambia ni kile ulichofundishwa, na namna ulivyofundishwa. Tena likiharibika, atakayeitwa kujieleza ni nani? Ni mfanyakazi. Basi jambo hili ni la chama, tena la chama hasa.

Tazameni mahali tulipo. Elwak iko katikati ya Wajir na Mandera, na mpaka wa Somalia uko hapo. Mgonjwa akitushinda apelekwe Mandera au Wajir, na njia mwaijua, usiku haipitiki kwa roho safi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, na baada ya hapo walimu na wafanyakazi wengi wa afya wa kutoka mikoa mingine waliondoka. Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walitekwa Mandera wakienda kazini, na wenzao waliokuwa katika kaunti hizi wakaondolewa. Siwalaumu walioondoka, nani angewalaumu? Nasema tu ya kwamba daktari anapoondoka, uamuzi aliokuwa akiufanya hauondoki naye. Unabaki wadini ukimngoja mtu wa kuufanya, na mtu huyo ni muuguzi.

Zamani za mkoloni, katika wilaya hizi za mpaka wa kaskazini, mtu wa dawa alikuwa dresa. Alionyeshwa kufunga kidonda, kugawa vidonge na kuandika daftari. "Kwa nini" hakufundishwa, maana "kwa nini" iliwekwa kwa daktari Mzungu aliyekuwa mbali kwa safari ya siku nyingi. Dresa wengi walikuwa watu hodari, na walijifunza wenyewe yale waliyonyimwa. Lakini desturi ile ya kumfundisha mtu mikono na kumwachia kichwa chake kitupu haikuondoka pamoja na bendera. Ilikaa kwenye ngazi zetu. Baraza la Wauguzi na Amref walipoanzisha mwaka 2005 masomo ya kompyuta ili kuwapandisha wauguzi wa cheti wafike daraja la kusajiliwa, waliokuwa wakingojea kupandishwa walikuwa zaidi ya 20,000 nchini. Watu hao walikuwa wamebeba zahanati za nchi hii mgongoni kwa miaka, wakiamua mambo mazito kila siku, na cheti chao kikisema kwamba kazi yao ni kusaidia.

Hata yule Florence Nightingale tunayeapishwa kwa jina lake, wengi wanaikumbuka taa na kuisahau hesabu. Aliporudi Uingereza mwaka 1856 kutoka vita vya Crimea, alikaa na hesabu za vifo vya askari, akaonyesha ya kwamba waliokufa kwa maradhi ya uchafu na msongamano walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza. Taa humsaidia mgonjwa mmoja usiku mmoja. Hesabu ile ilibadili hospitali za jeshi zima.

Sasa tuje kwetu. Chukueni chati za wadi yoyote, si lazima iwe yetu, mtazame safu ya pumzi. Mtaona 20, 20, 20, 20, tangu kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. (Naona mnacheka. Mnaijua.) Mzee wa pumu anapumua 20, msichana wa malaria 20, na yule aliyefariki alfajiri naye saa sita alipumua 20. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, mwenzetu mmoja alimwuliza mwalimu kwa nini pumzi zote ni sawa. Akajibiwa, "Jaza chati, mkaguzi anakuja." Somo lile tulilielewa vizuri sana. Tulielewa kwamba chati ni ya mkaguzi.

Lakini pumzi ndizo zinazosema mapema. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, mara 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, mara 40. Kila mwanafunzi anaweza kuzikariri namba hizi akapata maksi zake. Wachache wanaambiwa kwa nini zinatofautiana, na kwa nini lazima uhesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, si wakati analia. Aliyeambiwa sababu atahesabu hata mkaguzi akiwa Nairobi. Aliyekariri tu ataandika 20.

Nina mfano mwingine, na huu nataka tukae nao, maana umetoka katika hospitali zetu za Afrika Mashariki wala haukuletwa kwa meli. Kwa miaka mingi tulifundishwa ya kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri, afunguliwe maji ya mshipa kwa haraka, mengi, kwa muda mfupi. Vitabu vilisema hivyo, wakubwa wakasema hivyo, na mtihani ukauliza hivyo. Wakatokea watu wakauliza, je, kuna aliyepima? Ukafanywa uchunguzi uitwao FEAST katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maji ya haraka, wengine wakapewa kidogo kidogo ya kuwashikilia tu. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2011, kwa sababu waliopewa maji ya haraka walikuwa wakifa zaidi. Katika saa 48 za kwanza walikufa kati ya 10 na 11 katika kila watoto 100 wa maji ya haraka, na kwa wale wengine walikufa 7.

Lipimeni jambo hilo, ndugu zangu. Watoto watatu katika kila mia! Hakuna muuguzi aliyezembea. Kila mmoja alifuata alichofundishwa, kwa mikono misafi na nia njema. Kama asingetokea mtu wa kuuliza, tungekuwa tunaendelea mpaka leo.

Lakini msikimbie na habari nusu. Kijana aliyesikia habari hii juujuu atakuja kesho wadini na kuzifunga dripu zote, akisema "maji yanaua watoto". Huyo naye ataua. Uchunguzi ule haukuwahusu watoto waliokaushwa na kuhara, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kipindupindu aliyekauka, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta haitaki kurudi, huyo anahitaji mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, haraka, na fungu la kwanza liende kwa kasi kuliko la pili. Ukimnyima kwa sababu ya FEAST umemzika. Naye mtoto wa utapiamlo mkali ana njia yake. Moyo wake ni dhaifu, dripu hapewi ila kwa sababu kubwa, maziwa yake ni ya F-75 kidogo kidogo usiku na mchana, na ngozi yake yaweza kukudanganya kuwa amekauka kumbe ni nyama iliyokwisha. Tena huyu aweza kuwa na maradhi makali damuni bila homa yoyote, hata mwili ukawa baridi katika joto hili la Elwak. Ndiyo maana anayelazwa hupewa dawa za kuua vijidudu hata kama kipimajoto hakisemi kitu. Katika miaka ya ukame watoto wa namna zote tatu hulala kitanda kwa kitanda. Yuko wa homa, wa kuhara na wa njaa, na mama zao wote wanasema neno moja, "mtoto amelegea". Karatasi ya ukutani itakusaidia, lakini haiwezi kukwambia aliye mbele yako ni yupi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kufikiri ni kila mtu kufanya apendavyo. Sivyo. Muuguzi anayefikiri anajua kanuni vizuri kuliko anayeikariri, kwa sababu anajua ilikotoka na inapoishia.

Mfano wa uzazi nitaupitia upesi. Grafu ile ya kufuatilia uchungu, ile yenye mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, Philpott na Castle waliitangaza mwaka 1972 kutoka Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Waliitengenezea wakunga walio mbali na daktari, ili wajue mapema ni mama gani wa kupelekwa hospitali. Yaani ilitengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapa! Leo katika hospitali nyingi hujazwa mtoto akisha kuzaliwa, ili faili likamilike. Chombo cha kukuonya kimekuwa risiti. Na baada ya Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo mpya mwaka 2020, unaohesabu uchungu wa kasi kuanzia sentimita 5 badala ya 4, aliyekariri 4 bila sababu atabishana na karatasi mpya mpaka astaafu.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipitia mbio. Wengi wa mama zetu walikeketwa na kushonwa utotoni. Muuguzi aliyesomea mbali anafika zamu yake ya kwanza, njia ni kovu, kupima hawezi, na uchungu umesimama. Je, ni kovu linalozuia, au ni nyonga, au mtoto amelala vibaya? Majibu matatu, na kila moja lina hatua yake. Anayejua kufikiri ataanza na tumbo kwa mikono yake, atamwuliza mama kwa heshima, tena atamwuliza na ayeeyo aliyekuja naye, kwa maana ayeeyo anajua uzazi uliopita ulikwendaje. Kumwuliza bibi si kushusha cheo.

Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliiweka Mandera mbele ya kaunti zote kwa vifo vya wazazi: vifo 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Namba hiyo imetajwa katika mikutano mingi mpaka imekuwa kama jina letu la pili. Nayo yafaa kupimwa: ni makadirio, yanategemea watu kukumbuka vifo vya nyumbani na kuvitaja kwa karani. Lakini hata ukiikata nusu, ukaikata nusu tena, bado ni msiba.

Na sehemu kubwa ya msiba huo ni damu. Macho yetu hayajui kukisia damu. Kitanga, shuka na mchanga vinameza, nasi tunaandika "kiasi". Uchunguzi mwingine, E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023, ulihusu wazazi zaidi ya 200,000. Baadhi yao waliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara damu ilipopita alama. Kutokwa na damu nyingi kupita kiasi, pamoja na madhara yake makubwa, kulipungua kwa asilimia 60. Mfuko tu wa plastiki, na mtu wa kuutazama akajua maana yake.

Mtakumbuka na Mei 2016 Mandera, homa na maumivu ya viungo mtaa kwa mtaa, wafanyakazi wa afya nao wakiugua. Damu ilipopelekwa Nairobi ikaonekana ni chikungunya. Anayesema "homa ni malaria" na kuandika dawa kabla hajasoma kipimo, huyo hatauona ugonjwa mpya hata ukimpigia hodi.

Sasa, jambo hili hufundishwaje? Si kwa kuongeza somo jipya lenye jina refu. Nimeona ratiba za namna hiyo: saa moja ya kufikiri siku ya Jumanne, na saa arobaini za kunakili. Hufundishwa kitandani. Mwalimu au muuguzi mkubwa amchukue mwanafunzi kwa mgonjwa mmoja, amwulize: umeona nini, umesikia nini, wadhani ni nini, ni kipi kingine chaweza kuwa, na utajuaje kama umekosea? Kisha anyamaze, amwache kijana atafute. Kunyamaza ndiko kunakotushinda sisi wakubwa. Na kijana akiuliza swali ambalo mkubwa halijui, mkubwa aseme "twende tukatazame", heshima yake haitapungua hata kidogo.

Tena tuseme ukweli juu ya wanafunzi wetu wa Garissa na Mandera wanaoletwa wadini kujifunza. Mara nyingi huwa ni mikono ya bure. Muuguzi mmoja wa zamu na wanafunzi wanne, kazi inagawanywa kama mizigo ya ngamia: wewe sindano, wewe vitanda, wewe chati. Mwezi unakwisha kijana amechoma sindano mia tatu wala hajaulizwa hata mara moja kwa nini sindano hii. Hapo hafundishwi. Anatumiwa. Na sisi wa chama tukinyamaza kwa sababu mikono yake inatupunguzia kazi, tunashirikiana na mwajiri kuficha upungufu wa wafanyakazi.

Yako maneno ninayoyasikia kwa wakubwa: "Mkiwafundisha kuhoji, nidhamu itakufa." Mimi nauliza, nidhamu ya nani? Muuguzi anaandikiwa kumchoma mama wa kifafa cha mimba dozi nyingine ya magnesi. Kanuni inamtaka kwanza ahesabu pumzi zisiwe chini ya 16, agonge goti aone kama linaruka, atazame mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Akikuta goti limekufa akazuia sindano na kumpigia daktari simu, je, amevunja nidhamu au ameishika? Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953 na kusahihishwa tena 2021, zasema muuguzi mwenyewe ana dhamana ya kazi yake. Basi huwezi kunipa dhamana na kuninyima ulimi.

Lakini ulimi unahitaji ulinzi. Kijana wa mwaka wa kwanza kazini, mkataba wake wa miezi, amwambie mkubwa "dozi hii ya mtoto naiona imezidi mara kumi"? Ataangalia mkataba wake kwanza, ndipo aangalie mtoto. Ndiyo sababu nimesema hili ni la chama.

Kwa hiyo Kamati ya tawi imeandika barua kwa idara ya afya ya kaunti. Inataka mwanafunzi asihesabiwe kama mfanyakazi katika ratiba ya zamu ya usiku. Inataka nusu saa kila wiki wakati wa kukabidhiana zamu, ya kumzungumza mgonjwa mmoja kwa kina, na kila kifo cha mzazi au mtoto kizungumzwe bila kutafuta wa kufukuzwa. Inataka simu moja ya wadi yenye pesa ndani yake, na jina la daktari wa kupigiwa usiku libandikwe ukutani. Na inataka iandikwe katika mapatano ya kazi kwamba muuguzi hatahamishwa wala kunyimwa mkataba kwa sababu aliomba agizo la dawa lielezwe au liandikwe upya. Hilo la mwisho ndilo watakalolikataa kwanza, nami naomba tusiliachie, hata wakitupa mengine yote.

Barua iko mezani kwa Katibu. Wa zamu ya jioni watie sahihi kwanza, wakimbilie kazini. Wanafunzi nao kuna karatasi yao mbali, majina hayatapelekwa chuoni. Na kabla hamjatia sahihi, isomeni, na lisiloeleweka ulizeni.